Wenzangu wako chumba kimoja, mimi niko mbali, na naona natengwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mchoraji kwenye timu ya watu saba. Tunaandaa vitabu vya mafunzo ya ufundi: pampu za maji, injini ndogo, umeme wa jua. Kwa miaka kadhaa tulikaa wote chumba kimoja. Mume wangu alipohamishwa kikazi, bosi alikubali niendelee na kazi nikiwa nyumbani, nami nilishukuru sana maana nilishajiandaa kuacha. Sasa watano wako ofisini, mimi na mhariri tuko mbali, kila mtu kwake.

Shangazi, kazi ni ileile na watu ni walewale, lakini siwaelewi tena. Hivi karibuni nilimaliza michoro yote ya sura ya nne. Kwenye kikao nikasikia mtu anataja "sura ya tano mpya". Kumbe sura ya nne ilishagawanywa mara mbili wiki moja kabla, na nusu ya michoro yangu haina kazi tena. Nilipouliza, wakatazamana, mmoja akasema, "Kwani hukuambiwa?" Hakuna aliyejua nani alipaswa kuniambia.

Kuna mwandishi ambaye tulikuwa chanda na pete. Nikikwama nilikuwa nageuza kiti tu, namwonyesha karatasi, anaweka kidole penye kosa, tumemaliza. Siku hizi namtumia mchoro, kimya. Kesho yake jioni anajibu: "Sawa." Mchoro uko sawa, au ameona tu kwamba nimetuma? Nimeanza kuamini ana kinyongo kwa sababu mimi nimeruhusiwa kukaa nyumbani na yeye hakuruhusiwa.

Vikao ndivyo vinanimaliza. Wao wameizunguka meza, kompyuta moja imewekwa mwishoni. Aliye karibu nayo namsikia, wengine napata mvumo tu. Wanacheka, sijui wanacheka nini. Nikitaka kusema neno, sauti yangu inafika imechelewa na mwingine ameshaingia na lake. Nanyamaza hadi mwisho, kisha naulizwa, "Na wewe huko, una la kuongeza?" wakati watu wameshaanza kukusanya karatasi zao.

Tena kitabu kipya amepewa kukisimamia mwenzetu aliyeajiriwa baada yangu. Ni kijana mzuri, simwonei wivu, lakini nilitarajia walau niulizwe. Tangu hapo nabaki kwenye kompyuta hadi usiku na kujibu ujumbe saa yoyote, ili waone kwamba nafanya kazi. Mume wangu anasema niache. Bosi naye amedokeza kwamba huenda akawataka wote warudi ofisini, na kwangu hilo ni kuishi mbali na mume na watoto.

Niambie ukweli. Kufanya kazi kwa mbali kunaweza kweli kuwa sawa na kukaa bega kwa bega? Niache, nirudi, au nivumilie?

Niliye Mbali

*

Marahaba, mwanangu.

Umeomba ukweli, basi nianze na hilo. Hapana, si sawa, na usijichoshe kutaka iwe sawa. Kukaa pamoja kunaleta mambo ambayo hakuna simu wala kompyuta inayoyaleta yote. Lakini kati ya yote uliyoniandikia, machache tu yametokana na umbali wenyewe. Mengine yametokana na timu yako kuendelea kufanya kazi kana kwamba wote saba bado mko chumba kimoja, wakati wawili hawapo.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu intaneti: haya hayakuanza nayo. Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, aliwafuatilia wahandisi na wanasayansi kwenye maabara zao, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1977 yalionyesha kwamba kadiri meza za watu zinavyoachana, ndivyo wanavyopungua kuzungumza mambo ya kazi. Ikifika mita 50 hivi, mazungumzo yanakuwa haba. Mita 50, mwanangu. Mtu wa chumba cha mwisho kwenye ujia uleule tayari yuko mbali.

Sababu iko ndani ya barua yako. Ulipokuwa chumba kile, hakuna aliyekuwa anakuambia mambo. Ulikuwa unayasikia. Mwandishi akilalamika kwamba sura imekuwa ndefu, masikio yako yalikuwa pale huku mkono unachora, na kabla uamuzi haujafikiwa ulishajua usianze mchoro wa pili. Kupashana habari kulijiendea bila mtu kukabidhiwa. Ulipoondoka, kukawa ni kazi inayohitaji mtu, na mtu huyo hakuwekwa. Ndiyo maana walitazamana. Mimi sioni dharau hapo. Naona uzembe wa timu nzima, ukianzia kwa kiongozi, na ni uzembe ambao umekupotezea nusu ya michoro yako. Una haki ya kuudai urekebishwe.

Urekebishwe vipi? Dai waraka mmoja wa maamuzi, ambao wote saba mnaufungua. Si kumbukumbu ndefu za vikao; hizo hakuna anayezisoma. Kila uamuzi mistari miwili au mitatu: nini kimeamuliwa, kinamgusa nani, kinaanza lini. "Sura ya 4 imegawanywa. Sehemu ya vali inahamia sura ya 5. Michoro ya vali isimame hadi maandishi mapya yatoke." Yakiandikwa maneno hayo siku ileile, michoro yako isingepotea. Na kanuni iwe kwamba kisichoandikwa humo hakijaamuliwa, hata kama watu watatu wamekubaliana wakiwa wamesimama mlangoni.

Hapa nakuomba uwe makini sana. Watakuambia, "Wazo zuri, basi wewe uwe unauandika." Kataa kwa upole. Wewe huwezi kuandika usichokisikia. Aandike aliyekuwepo uamuzi ulipofanyika, yeyote yule, zamu kwa zamu. Ukikubali kuwa karani wa waraka huo, utajaza yale ya kwenye vikao tu, na vikao havikuwahi kuwa tatizo la sura ya nne. Sura ya nne iligawanywa mezani kwa mtu, katikati ya siku, watu wakiendelea na shughuli zao. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo yanayowapita walio mbali, na ndiyo yanayotakiwa kuandikwa kuliko mengine yote.

Sasa huyo mwandishi wako. Nimeirudia aya hiyo ya barua yako kwa sababu ndiyo iliyojaa maumivu. Mtafiti Catherine Cramton alichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu timu za wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali waliopewa kazi ya pamoja bila kukaa pamoja. Jambo kubwa aliloliona ni kimya. Mtu hakujibu, na kimya chake kiliweza kuwa na maana chungu nzima: amekubali, amekataa, yuko safarini, hajaona kama anaulizwa, mtandao umemkatikia. Waliokuwa upande wa pili hawakuwa na njia ya kujua, basi wakamalizia wenyewe. Na walipomalizia, waliielekea tabia ya mtu: mvivu huyu, hatujali sisi wenzake. Hali aliyomo hawakuifikiria, kwa kuwa hawakuiona.

Ukiwa naye chumba kimoja ungeona kama ameinamia rasimu inayotakiwa jioni ile, au kama ametoka kugombana na simu yake. Sasa unaona neno moja tu, na ukalijaza kinyongo. Huenda ni kinyongo kweli, sikatai, lakini huna ushahidi. Na hilo neno lenyewe halina sauti. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walionyesha mwaka 2005 kwamba mtu anayeandika barua pepe hudhani msomaji ataielewa sauti yake vizuri kuliko anavyoielewa kweli, kwa sababu mwandishi anaisikia kichwani mwake wakati anaandika. Yeye alipoandika "Sawa" pengine alisikia "Sawa kabisa, endelea." Wewe hukuwa kichwani mwake.

Mpigie. Usimwandikie jambo hili, mpigie simu, na usianze na "naona umebadilika". Anza na kazi: "Zamani nilikuwa nageuza kiti tu. Nimekosa namna ya kufanya hivyo nikiwa huku, na nakwama. Tupange vipi?" Mkishazoeana tena kwa sauti, kama kuna la moyoni litatoka lenyewe.

Kisha badilisha unavyomwandikia, maana swali la jumla huzaa jibu la jumla. Sijaona ujumbe wako, lakini nahisi unasema, "Nimetuma mchoro, naomba maoni." Mtu mwenye shughuli ataandika "Sawa" aendelee. Sasa tazama huu: "Mchoro wa pampu, ukurasa wa 12. Nimeonyesha maji yanaingia kushoto, maandishi yako yanasema kulia. Nigeuze mchoro au utageuza maandishi? Nisipopata jibu hadi kesho saa sita mchana, nitageuza mchoro." Ujumbe huo unamwekea kidole penye kosa kama alivyokuwa anakuwekea yeye. Hawezi kuujibu kwa "Sawa" tu, na hata akinyamaza, kimya chake sasa kina maana mliyokubaliana. Mwombe na yeye akuandikie hivyohivyo.

Na kuna dawa ya upweke inayosaidia wachoraji na waandishi: muwe mnafungua laini ya sauti mnapofanya kazi, saa moja hivi, mara chache kwa wiki, kila mtu na yake, bila ajenda. Mnanyamaza, mtu akikwama anauliza. Si kikao. Ni kiti cha kugeuza.

Kuhusu vikao, kompyuta ile ya mwisho wa meza iondoke. Hakuna aliye mbali anayeweza kushiriki kwa njia hiyo, hata awe hodari namna gani. Kama kuna hata mmoja asiyekuwepo chumbani, kila mtu afungue kompyuta yake na avae visikilizio, hata kama wamekaa jirani. Watalalamika wiki ya kwanza kwamba ni ajabu kuongea na jirani kupitia mtandao, lakini hapo ndipo wote mtakuwa mbali kwa kiasi kimoja. Ikishindikana, basi mmoja wa chumbani apewe kazi ya kuwa macho yenu wewe na mhariri: akiona mnataka kusema, anawasimamisha wengine, wakicheka, anawaambia wanacheka nini. Na mwenyekiti aanze na walio mbali anapoomba maoni, asiwaache mwisho. Swali lile la "una la kuongeza?" linaumiza kwa sababu linakuja mambo yakiwa yamekwisha. Kamera nayo si lazima iwake muda wote. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 kwa nini vikao vya video vinachosha, na miongoni mwa sababu alizotaja ni kutazamana kwa karibu muda mrefu, kujiona uso wako mwenyewe na kukaa bila kusogea. Mkiwa mnapitia michoro, tazameni michoro.

Hili la kitabu kipya kupewa mwingine sitakudanganya. Linatokea. Nicholas Bloom na wenzake walifanya jaribio na kampuni ya safari ya China, Ctrip, kuanzia mwaka 2010, kwa miezi tisa. Wafanyakazi wa kitengo cha simu waliojitolea kufanyia kazi nyumbani walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 13 kuliko wenzao waliobaki ofisini. Lakini ukilinganisha watu wenye utendaji ulio sawa, wa nyumbani walipandishwa cheo kwa nadra zaidi. Na kampuni ilipowapa nafasi ya kuchagua, karibu nusu yao walirudi ofisini. Upweke ulikuwa sababu yao kubwa.

Usiende na hiyo asilimia 13 kwa bosi kama ngao. Mtu anayepokea simu za wateja anafanya kazi yake peke yake mwanzo hadi mwisho, na wewe kazi yako imefungamana na ya wenzako. Gary Olson na Judith Olson, walioandika mwaka 2000 kuhusu kushirikiana kwa mbali, walilieleza hilo vizuri: kazi inayotaka watu wajibizane kila dakika, na hasa ile ambayo bado haijaeleweka, inakuwa ngumu mno kwa mbali, lakini kazi ambayo kila mtu anaweza kuchukua kipande chake akaondoka nacho inawezekana bila shida. Sasa jiulize, kazi yako ni ipi? Ni zote mbili, kwa nyakati tofauti. Mnapopanga kitabu, kuamua sura ziwe ngapi, mchoro upi ubebe maelezo yapi, hapo mnahitajiana. Ukishajua unachora nini, utulivu wa nyumbani huenda ukakufaa kuliko chumba cha watu watano.

Hilo ndilo la kumpelekea bosi. Usiombe kurudi na usiombe kubaki. Omba uwepo ofisini kwa siku kadhaa mfululizo kila kitabu kinapoanza, na mhariri naye awepo siku hizohizo, mpange wote saba mezani, kisha kila mtu aende na kipande chake. Siku hizo za mwanzo ndizo zinazostahili gharama na uchovu wa safari. Ukimpelekea bosi mpango huu, ana kitu cha kujibu, tofauti na malalamiko. Kama anashikilia kwamba wote warudi kila siku, mweleze kwa heshima kwamba kampuni ileile ya China ilijaribu baadaye utaratibu wa siku mbili nyumbani na tatu ofisini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na kupandishwa vyeo hakukuathirika. Mgawanyo wenu hautakuwa huo, najua, ila unaonyesha kwamba kuchanganya kunawezekana bila mtu kuadhibiwa kwa kutoonekana.

Wala asidhani kuwakusanya watu ndiyo mwisho wa kazi. Ethan Bernstein na Stephen Turban walichunguza kampuni mbili zilizoondoa kuta ofisini ili watu waongee zaidi. Utafiti wao wa mwaka 2018 ulikuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70, na ujumbe wa kielektroniki ukaongezeka. Watu walijifungia kwenye kompyuta zao, wakiwa wamekaa jirani.

Kukesha kwenye kompyuta ili uonekane, acha leo. Nasema leo. Kunakuchosha, kunaiba muda wa watoto wako, na hakumwonyeshi bosi chochote isipokuwa kwamba unapatikana usiku. Atauzoea usiku huo kisha ataudai. Kinachoonekana kwa mbali ni kazi iliyokamilika na iliyoelezwa. Kila mwisho wa wiki mwandikie kiongozi wako mistari michache: nilichomaliza, nilichokwamia na ninayemsubiri. Mpe saa zako za kazi zijulikane, na ukizimaliza, zima.

Mzungumze pia na mhariri mwenzako kabla hujaenda kwa bosi. Hukusema hata neno moja kuhusu anavyojisikia yeye, na sishangai, maana hamwonani. Nina hakika ana "sura ya nne" yake. Mkienda wawili, jambo halitaonekana kuwa la mtu mmoja mwenye manung'uniko.

Usiache kazi sasa, na usiigawe familia yako kwa sababu ya hili ambalo bado hakuna aliyejaribu kulirekebisha. Jipe kitabu kimoja. Mweleze mume wako hivyo, ajue kuna mwisho wa kungoja. Kama kufikia mwisho wa kitabu hicho maamuzi yanaandikwa na wenyewe waliokaa chumbani, na vikaoni unasikika, baki. Kama umedai, wakakubali kwa mdomo, na bado unayajua mambo kwa bahati tu, basi umbali siyo tatizo lako tena, na utakuwa na kila sababu ya kutafuta timu nyingine.

Na hilo la usimamizi liulize waziwazi, wala usilizungushe: "Ningependa kusimamia kitabu kinachofuata. Kuna kitu kinachokufanya usite nikiwa huku?" Akikutajia kitu, mna la kufanyia kazi. Asipotaja, mwombe akuandikie kwamba kitabu kinachofuata utafikiriwa, nawe uanze kuhudhuria upangaji wake tangu siku ya kwanza.